Mbegu za Njiani

Swali liliulizwa na bibi mmoja mkulima katika darasa la wakatekumeni, hapa Ufipa, na likanikatiza katikati ya somo. Nilikuwa nimesoma mfano wa mpanzi katika Injili ya Marko, sura ya nne, nikaanza kupanga aina za udongo kama tunavyofanya makatekista wote: wa njiani, wa penye mwamba, wa penye miiba, kisha ule mzuri. Bibi akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Huyo mpanzi ni mzima? Mbegu unaipeleka njiani ikafanye nini?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoka shambani asubuhi ile, kanga yake bado ina udongo, na aliuliza kama mtu wa kazi anavyouliza habari za mtu mwingine wa kazi ile ile.

Kwetu mahindi hupandwa kwa kamba na jembe. Wawili wanashika kamba, wa tatu anachimba mashimo, anayefuata anaweka mbegu mbili na kufukia kwa mguu. Bwana shamba alitufundisha sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 60 kati ya shimo na shimo ukiweka mbegu mbili. Mbegu zenyewe siku hizi hununuliwa dukani, kwenye mfuko wa kilo mbili, zimepakwa dawa yenye rangi ili mtu asizile, na mama wa nyumba anaijua bei yake sawasawa na anavyoijua bei ya sare za shule. Mama huyo akidondosha punje njiani anainama anaiokota. Sasa anaambiwa kuna mpanzi aliyetoka nyumbani kwake, akaacha mbegu ziangukie penye kukanyagwa, kwenye mawe na kwenye miiba, na kwamba habari zake ni habari za Ufalme wa Mungu. Lazima aulize.

Nami nikaona kwamba mahubiri yetu huliruka swali hilo. Tunakimbilia udongo. Tunamgeukia msikilizaji na kumuuliza yeye ni udongo gani, na anarudi nyumbani akijilaumu au akimlaumu jirani. Mpanzi tunamwacha pembeni, kana kwamba kazi yake haihitaji maelezo. Lakini mfano unaanza na yeye. Ikiwa mpanzi huyo ni Mungu, au ni mtu aliyetumwa na Mungu, basi namna anavyopanda inatuambia jambo kuhusu Mungu, na bibi yule alikuwa na haki ya kutaka kujua kama Mungu wetu ni mpotezaji.

Bibi yangu mzaa baba alipanda kwa namna zote mbili. Mahindi na maharage aliyatia kwenye mashimo. Ulezi aliumwaga. Punje za ulezi ni ndogo mno, na mtu akitaka kuzipanda mojamoja atazeekea shambani. Alichanganya mbegu na mchanga mkavu kwenye ungo ili zisianguke kwa rundo, akauegemeza ungo kwenye nyonga ya kushoto, akatembea. Mguu wa kulia ukikanyaga, mkono unatupa. Hakuwa anaangalia mkono. Alikuwa anaangalia mbele, mahali alipochomeka kijiti mwisho wa shamba, na midomo yake ilikuwa ikihesabu hatua. Baada yake sisi watoto tuliburura matawi ya miti juu ya udongo ili mbegu zifunikwe. Pembeni mwa shamba ilipita njia ya kwenda mtoni, na kila mwaka ulezi uliota hata njiani, ukawa kijani kwa siku chache, kisha miguu ya watu ikaumaliza. Hakuna aliyemwita bibi mpotevu kwa ajili hiyo. Anayetupa kwa mkono hawezi kuuzuia mkono wake ukingoni mwa shamba bila kuacha ukingo mtupu, na ukingo mtupu ni magugu mwaka unaofuata.

Hayo niliyajua tangu utoto, lakini sikuwahi kuyaweka karibu na Injili. Yalikaa upande mmoja, Injili upande wa pili. Yalikutana Uingereza.

Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Reading, magharibi mwa London. Nilipokwenda kumtembelea, alijua baba yake hatatulia madukani, akanipeleka kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini ya Uingereza, ambayo Chuo Kikuu cha Reading kiliyaanzisha mwaka 1951. Yamo katika nyumba kubwa ya matofali mekundu iliyojengwa karne ya 19 kwa ajili ya tajiri wa biskuti. Ndani kuna mikokoteni, majembe, vyungu vya maziwa, na vyombo vya kupandia mbegu vya zamani, vya kushikwa kwa mkono. Hapo miguu yangu ikagoma kuendelea.

Cha kwanza kilikuwa kile wanachokiita seedlip. Ni chombo cha mbao chepesi, upande mmoja umepindwa ndani ili ukae kwenye nyonga ya mtu, na kina mkanda wa kupita begani. Ungo wa bibi yangu, ila umetengenezwa na seremala. Mpanzi wa Kiingereza alitembea nacho kwa hatua za kipimo, akatupa kwa mkono mmoja kwa kufuata mguu, na waliobobea walitupa kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto, bila kusimama. Alitia macho kwenye fito zilizochomekwa mwisho wa shamba. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini natabasamu mbele ya sanduku tupu.

Cha pili kilikuwa cha karne ya 19 na kinaitwa fidla, kwa sababu kina upinde. Mfuko wa mbegu unakaa chini ya kwapa, na chini yake kuna sanduku dogo lenye tundu linaloachia mbegu kidogokidogo juu ya sahani yenye mapezi. Uzi wa ngozi wa upinde umezungushwa kwenye mhimili wa sahani hiyo. Mtu anausukuma upinde na kuuvuta, sahani inazunguka huku na huku, na mbegu zinarushwa mbele yake kwa upana kuliko mkono uwezavyo. Mkono umepata nguvu, lakini kanuni ni ile ile ya kutupa, na njia iliyo pembeni mwa shamba bado inapata sehemu yake.

Cha tatu kilikuwa tofauti kabisa: fimbo mbili za chuma zenye vishikio juu na vichwa vilivyochongoka chini. Katika Norfolk na Suffolk, mwishoni mwa karne ya 18, mwanamume alishika moja kila mkono, akatembea kinyumenyume shambani, akitoboa mashimo kwa mistari miwili. Nyuma ya mashimo wakafuata wanawake na watoto, wameinama, wakitia punje mbili tatu za ngano katika kila shimo. Ngano! Sisi tunafanya hivyo kwa mahindi na tunalalamika viuno. Wao walifanya hivyo kwa ngano, shimo kwa shimo, ekari kwa ekari. Waliofanya hesabu walifurahi, maana mbegu iliyotumika ilikuwa kidogo sana kuliko ya kutupa, na bei ya ngano nyakati zile za vita na Ufaransa ilikuwa juu. Familia maskini nazo ziliikubali kazi ile kwa sababu ilileta ujira. Lakini nilisimama mbele ya zile fimbo nikiwawaza wale watoto. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na najua mtoto wa miaka saba au minane anavyokuwa jioni baada ya kuinama kutwa. Mbegu iliokolewa, na kilicholipa ni mgongo wa mtoto. Watu wakiniambia kuwa fulani hapotezi chochote, siku hizi nauliza kwanza nani anainama nyuma yake.

Kilometa chache kutoka Reading, katika kijiji cha Lower Basildon karibu na mto Thames, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Bartholomayo ambalo halina tena ibada za kila juma. Hapo amezikwa Jethro Tull, mtu ambaye Waingereza humtaja kila wanapozungumzia kupanda kwa mistari. Alizaliwa mwaka 1674, akasomea sheria, kisha akaishia kwenye kilimo. Alitaka kupanda majani ya malisho yaitwayo sainfoin, ambayo mbegu zake zilikuwa ghali na nyingi hazikuota. Akaona kwamba mbegu chache zikiwekwa kwa kina sahihi na kufunikwa vizuri hutosha. Vibarua wake hawakutaka kufanya kazi kwa namna hiyo mpya. Basi mwaka 1701 akatengeneza mashine ya kukokotwa na farasi, yenye kuachia mbegu kwa mstari, na katika kitabu chake cha mwaka 1731 akaeleza kwamba alitafuta chombo cha kupanda kwa uaminifu kuliko mikono ya watu wale. Na wazo la namna ya kuziachia mbegu kwa kiasi alilipata wapi? Katika ogani. Alikuwa mpigaji wa kinanda hicho, akakumbuka kijibao chenye ulimi na springi kinachofungua na kufunga upepo kila kitufe kinapobonyezwa. Akaweka mbegu mahali pa upepo.

Nilikaa kwenye kiti cha mbao ndani ya kanisa lile nikamwaza huyo bwana. Alichukua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sifa, akakigeuza kuwa kitu cha hesabu. Sisemi alitenda dhambi. Dunia imekula kwa sababu ya watu kama yeye, na sentimita 75 za bwana shamba wetu ni wajukuu wa mistari ya namna ile. Lililonigusa ni neno uaminifu kuwekwa upande wa mashine. Kwa Tull, mbegu imetendewa kwa uaminifu ikiwekwa mahali pake na isipotee hata moja. Kwa bibi yangu, uaminifu ulikuwa kuufikia ukingo wa shamba.

Jioni moja alikuja kula nasi muuguzi mwenzake binti yangu, mama wa Kihabeshi, mwamini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo. Nikamsimulia vyombo nilivyoviona. Akaweka kijiko chini. "Baba, kwani hamjui kwamba chombo cha kupandia kilitengenezwa na Abrahamu?" Sikujua. Akanieleza kwamba kanisa lake linasoma Kitabu cha Yubile, wanachokiita Kufale, kama sehemu ya Maandiko Matakatifu. Baadaye nilikitafuta nikakisoma. Kiliandikwa karne ya pili kabla ya Kristo, kikahifadhiwa kizima katika lugha ya Geʼezi, na vipande vyake vya Kiebrania vilipatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Sura ya 11 inasimulia kwamba mkuu wa pepo, jina lake Mastema, alituma kunguru na ndege wengine wale mbegu zilizotupwa mashambani, watu wakaingia katika njaa. Abramu alikuwa kijana wa miaka 14. Akatoka mbio kuwakabili, akawaamuru warudi walikotoka, nao wakarudi; siku ile aliwafukuza mara 70. Baadaye akawafundisha maseremala kufunga chombo juu ya plau, mbegu ishuke kupitia humo hadi kwenye ncha ya chuma na kufunikwa papo hapo. Watu hawakuwaogopa tena kunguru.

Habari hiyo ina mizizi katika nchi ya Abramu. Wakulima wa Mesopotamia walikuwa na plau yenye bomba la kupitishia mbegu tangu zamani sana. Katika British Museum limehifadhiwa jiwe jeusi la mfalme Esarhadoni wa Ashuru, yule anayetajwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, na juu yake imechongwa plau ya namna hiyo. Kwa hiyo mwandishi wa Yubile alikijua chombo, akakipa baba wa imani. Nami naona alifanya hivyo kwa sababu kwake jambo hili lilikuwa la kidini kabisa: shetani anaiba mbegu juu ya ardhi, na mtu wa Mungu anaificha chini ya ardhi.

Sasa rudini kwenye mfano wa mpanzi mkiwa na habari hiyo kichwani. Waliomsikiliza Yesu waliishi katika nchi ambayo kitabu hicho kilisomwa. Anawaambia mpanzi alitoka kwenda kupanda, na mbegu nyingine zikaangukia njiani, ndege wakaja wakazila. Anapofafanua anasema ndege ni Shetani. Ni ndege wale wale. Lakini safari hii hakuna kijana wa kuwafukuza, hakuna bomba, hakuna plau yenye chombo. Mpanzi anatupa kwa mkono wazi, anaona ndege, anaendelea kutupa. Hatufundishwi kwamba mpanzi hakuwajua ndege. Kila mtu aliwajua.

Hapa ndipo ilipofaa kumjibu bibi wa darasani, na jibu la kwanza nilitaka liwe la kikulima kama swali lake. Wayahudi wana orodha ya kazi zilizokatazwa siku ya Sabato, katika Mishna, na katika orodha hiyo kupanda kunatajwa kabla ya kulima. Walimu wao wa baadaye walieleza sababu: katika nchi ya Israeli watu walitupa mbegu, kisha wakapitisha plau juu yake ili kuzifunika. Mtaalamu wa Kijerumani, Joachim Jeremias, aliitumia habari hiyo kuueleza mfano. Njia aliyoitaja Yesu, alisema, haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya miguu iliyotokea katikati ya shamba wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, kwa sababu wanakijiji walikata humo kwenda kisimani au sokoni. Mpanzi aliitupia mbegu kwa makusudi, kwa sababu plau ilikuwa inakuja. Wapo wataalamu waliompinga wakisema mashamba yalilimwa pia kabla ya kupanda. Lakini mkulima yeyote wa Ufipa anaifahamu njia ya kiangazi. Mabua yakishavunwa, shamba la mtu linakuwa njia ya wote, na mvua ya kwanza ikinyesha unalikuta gumu mahali pale pale.

Jambo hili lilinigeuza namna ninavyofundisha mfano huu. Udongo wa njiani haukujifanya mgumu wenyewe. Ni udongo ule ule ulioko hatua mbili pembeni, rangi ile ile, mvua ile ile. Uligandamizwa na miguu ya watu waliokuwa wanakwenda mahali kwingine, ambao hata hawakuwaza kwamba wanakanyaga shamba la mtu. Na mpanzi anautupia mbegu kwa sababu ni sehemu ya shamba lake. Anayeuliza "wewe ni udongo gani?" aongeze swali la pili: nani alipita juu yako?

Nasema hivyo kwa sababu ya shule. Nilifundisha Maarifa ya Biblia katika sekondari kwa miaka mingi. Katika shule mojawapo, uongozi uliamua kwamba wanafunzi dhaifu wahamishwe kabla ya mtihani wa taifa, ili wastani wa shule usishuke. Wazazi waliitwa mmoja mmoja wakashauriwa kwa upole wawatafutie watoto mahali pengine. Hoja ilikuwa ni ya Tull mtupu: mbegu ni chache, walimu ni wachache, vitabu ni vichache, tusivipeleke pasipoota. Nilikaa katika vikao hivyo na kubishana, na sikushinda. Watoto walioondolewa nilikuwa nawajua. Mmoja alikuwa analala darasani kwa sababu usiku alimuuguza mama. Mwingine alipigwa sana nyumbani, akawa hajibu swali hata analolijua, kwa kuwa kufungua mdomo kulimletea maumivu. Njia za kiangazi, zimekanyagwa. Sina habari kwamba yeyote kati yao alikuja kuwa mtu mkubwa, na siihitaji habari hiyo ili hoja yangu isimame. Walikuwa sehemu ya shamba.

Naelewa uzito wa hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipunguza. Maskini hawezi kutupa ovyo. Zaburi ya 126 inawataja wanaopanda huku wakilia, na watu wa mjini hudhani ni lugha ya mapambo. Mimi nimeyaona machozi yanayotajwa pale. Ni mwezi wa njaa, ghala ni tupu, na mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya jiko yakipigwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Mtoto anayatazama. Mama anayatungua, anayabeba kwenda shambani, na anayaweka chini ya udongo mbele ya macho ya mtoto ambaye hajala. Mama huyo akiweka punje mbili kwenye shimo na kuhakikisha zimefunikwa, uangalifu wake ni upendo, na atakayemwambia ajifunze kutupa kwa mkono wazi hajui anachokisema. Ukarimu wa mpanzi wa Injili ni ukarimu wa aliye na ghala lisilokwisha.

Kwa hiyo nani apande kwa kutupa, na nani kwa shimo? Nabii Isaya, mwishoni mwa sura ya 28, anamtazama mkulima na kusema kwamba Mungu ndiye aliyemfundisha kazi yake. Na mkulima huyo anafanya yote mawili katika siku zile zile: bizari na jira anazitawanya, ngano anaiweka kwa mistari, shayiri anaipa mahali pake. Niliposoma aya hizo baada ya kutoka Reading nilifunga Biblia nikatembea nje kidogo. Zipo mbegu zinazodai shimo na kipimo: pesa ya parokia, dawa za zahanati, muda wa mama mwenye watoto sita. Katika hizo, anayetupa ovyo anawaibia wengine. Lakini neno la Mungu, heshima, kufundishwa kusoma, kusikilizwa unapolia, hizo ni ulezi. Mkono ukifika ukingoni usizuiliwe. Kosa ninaloliona katika kanisa letu na katika shule zetu ni kuzipanda mbegu za namna hii ya pili kwa kamba na sentimita, kana kwamba Mungu amezinunua dukani kwa kilo.

Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu, mkulima mwenzangu, na tumeishi kwa amani ukuta kwa ukuta. Nilimsimulia hayo yote kwenye kibaraza chake. Alianza kwa kunikumbusha Surat al-Waqi'a, pale Mungu anapowauliza watu kuhusu kile wanachokipanda, kwamba ni wao wanaokiotesha au ni Yeye. Hapo hatukuwa na la kubishania. Marko naye, katika sura ile ile ya nne, ana mfano wa mtu anayemwaga mbegu kisha analala na kuamka, na mbegu inaota asijue imeotaje. Vyombo vyote nilivyoviona Reading, seedlip, fidla, fimbo za chuma, vinaishia usawa wa udongo. Hakuna seremala aliyetengeneza kitu cha kufanya kazi iliyo chini yake.

Tulitofautiana kuhusu ndege. Jirani yangu alisema Mtume alifundisha kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, inaandikwa kuwa sadaka yake. "Kwa hiyo, Mwalimu, huyo mpanzi wenu hakupoteza kitu. Ndege wamekula. Ndege nao ni viumbe." Nilikaa kimya kidogo, maana hata katika Injili ya Mathayo ndege wa sura ya 13 wanaiba mbegu, na ndege wa sura ya 6, wasiopanda wala kuvuna, wanalishwa na Baba aliye mbinguni. Pengine mpanzi alipowaona wakishuka alikumbuka hilo pia. Kwa punje za ulezi nakubaliana na jirani yangu. Bibi yangu alilisha ndege wengi na sijamsikia akiwalaani.

Ila anayetajwa katika Marko ananyang'anya neno moyoni mwa mtu, na hapo nilimwambia mzee mwenzangu kwamba siwezi kumfuata hadi mwisho. Wale watoto walioitiwa wazazi ofisini hawakuwa sadaka ya mtu. Walipotea, na kuna waliowapoteza. Hakunijibu upesi. Alisema tutaendelea baada ya sala ya alasiri, akaenda kutawadha, nami nikabaki kibarazani nikimsubiri.